Dakika Saba za Utundu

Paka amevaa koti jeusi la mkia na tai nyeupe. Anaingia jukwaani kwa maringo, anainamia watu, anaketi mbele ya piano na kuanza kupiga. Ndani ya piano, juu ya nyundo ndogo zinazogonga nyuzi, panya alikuwa amejilalia usingizi wake. Nyundo zinamrusha juu, anatua, zinamrusha tena. Anaamka amekasirika, na kuanzia hapo paka hapati tena raha ya muziki wake.

Hiyo ni The Cat Concerto, katuni ya Tom na Jerry ya mwaka 1947. Muziki anaopiga Tom ni Rapsodia ya Kihungaria Namba 2 ya Franz Liszt, kazi inayowatoa jasho hata wapiga piano wenye vidole kumi. Jerry anabamiza kifuniko juu ya vidole, anamvizia kwa mkasi, anaondoa vibonye na kuweka mtego wa panya mahali pake. Tom haachi kupiga. Mikono ikizidiwa anatumia miguu. Mwishowe paka yuko hoi, nguo zimechanika, na panya, ambaye naye sasa ana kikoti chake cha mkia, ndiye anayesimama kwenye mwanga kupokea makofi. Filamu nzima ina kama dakika saba, na hakuna mtu anayetamka neno. Ilipata tuzo ya Oscar.

Mtoto wa Ikolo aliyeiona kwenye simu ya kaka yake hajui Liszt ni nani, na hajali. Ikolo ni kata ya Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, katika bonde la mpunga na kakao linaloshukia Ziwa Nyasa. Televisheni ilichelewa kufika huko, kama ilivyochelewa Tanzania Bara nzima. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa ilifuata mwaka 2000. Kwa hiyo watu wengi wa vijijini walikutana na Tom na Jerry kwa njia za pembeni: kanda za video, kisha diski, kisha flashi na memori kadi zilizojazwa dukani pamoja na nyimbo za bongo fleva, na sasa bando la simu.

Njia nyingine ilikuwa kibanda umiza. Mabenchi, runinga moja, jenereta nyuma ya ukuta, na kiingilio mlangoni. Filamu za mapigano za Hong Kong na Marekani zilipoletwa kwenye vibanda vya namna hiyo nchini, zilihitaji msaada, na ndipo wakatokea watu kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, waliotafsiri filamu kwa Kiswahili huku wakitia chumvi, mizaha na majina ya mitaa ya kwetu. Watazamaji wengine walikwenda kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha. Tom na Jerry hawakuwahi kumhitaji Lufufu. Kikaango kikimpata paka usoni na uso ukatoka na umbo la kikaango, hakuna cha kutafsiri.

Ukimya huo ulitafutwa kwa makusudi. William Hanna na Joseph Barbera walikuwa vijana wawili katika idara ya katuni ya kampuni ya MGM, huko California, walipotoa filamu yao ya kwanza ya paka na panya, Februari 1940. Iliitwa Puss Gets the Boot. Paka aliitwa Jasper, na panya hakutajwa jina. Majina ya Tom na Jerry yalikuja baadaye, baada ya shindano la ndani ya ofisi lililompatia mchoraji John Carr dola 50.

Kisa cha filamu hiyo ya kwanza kinastahili kusimuliwa, kwa kuwa ndani yake kuna mbegu ya yote yaliyofuata. Paka amevunja chungu cha maua, na mama anayetunza nyumba amemwonya: kikivunjika kitu kingine kimoja, unatoka nje. Panya amesikia. Tangu hapo kila paka anapomkaribia, panya anakimbilia glasi, anaishika ukingoni mwa meza na kumtazama tu. Paka ananywea. Anarudi nyuma kwa adabu. Mwenye meno na makucha amefungwa na sheria iliyotungwa kwa ajili yake, na mnyonge ndiye aliyeshika ufunguo.

Hanna na Barbera walitengeneza katuni 114 za namna hiyo kati ya 1940 na 1958, na saba zikapata Oscar. Waligawana kazi. Barbera alibuni vituko na kuvichora kwa kasi ya ajabu. Hanna alipima muda: paka asimame kwa nusu sekunde kabla ya kugundua kuwa ameshika mkia wa mbwa, au kwa sekunde nzima? Watu wa vichekesho wanajua kwamba kicheko chote kiko hapo. Ukiwahi, mtazamaji hajajiandaa, ukichelewa, ameshakisia.

Na gharama yake ilikuwa jasho. Filamu hupita mbele ya taa kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo katuni ya dakika saba ina picha zaidi ya 10,000. Mara nyingi mchoro mmoja ulipigwa picha mara mbili ili kupunguza kazi, lakini bado ilikuwa ni maelfu ya michoro. Mmoja alichora mwanzo na mwisho wa kitendo, mwingine akajaza katikati, wengine, hasa wanawake, wakanakili kila mchoro kwa wino kwenye karatasi angavu ya seluloidi na kuipaka rangi upande wa nyuma. Kisha akaja mtunzi wa muziki, Scott Bradley, na okesta yake. Paka akinyata, muziki unanyata. Akiteleza ngazini, zumari zinateleza naye, ngazi kwa ngazi. Ile sauti ya Tom anapopiga ukelele wa maumivu ni ya Hanna mwenyewe, aliyepiga kelele mbele ya maikrofoni.

Katuni hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Zilionyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa, pamoja na habari za wiki, mbele ya watu wazima waliotoka kazini. Hilo linaeleza kwa nini kuna sigara, pombe na kuvizia warembo ndani yake. Linaeleza pia jambo chungu zaidi.

Yule mama wa nyumba ni mwanamke Mweusi, mtumishi, na katika filamu nyingi kamera haipandi zaidi ya magoti na slipa zake. Sauti ilikuwa ya mwigizaji Lillian Randolph, msanii hodari aliyepewa nafasi finyu. Mara kwa mara baruti inapolipuka, uso wa paka unageuka kuwa kikaragosi cha mtu Mweusi chenye midomo minene, na mtazamaji wa 1945 alitarajiwa acheke. Wapigania haki za Weusi Marekani walilalamika mapema. Televisheni ilipoanza kurusha katuni hizo miaka ya 1960, baadhi ya sehemu zilikatwa, na nyingine zilichorwa upya ili mama huyo awe Mzungu, kana kwamba tatizo lilikuwa rangi yake na si dhihaka. Mzazi wa Kyela anayempa mtoto simu afahamu kwamba mtandaoni matoleo yote yamechanganyika, yaliyokatwa na yasiyokatwa. Si sababu ya kuzima simu. Ni sababu ya kukaa naye dakika chache.

Kuhusu vipigo vyenyewe, wazazi huuliza kama watoto hawatajifunza kupigana kwa nyundo. Swali ni la haki, hasa kwa watoto wadogo sana. Lakini mtoto anayesikia ngano za usiku amezoea ulimwengu wa namna hiyo zamani, na hapa ndipo sungura anapoingia.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa shirika la UMCA aliyekuwa Zanzibar na baadaye akawa askofu, alichapisha mjini London kitabu cha ngano za Kiswahili alizosimuliwa na wenyeji. Moja ya ngano hizo ni ya sungura na simba, na anayeisoma leo atashangaa jinsi ilivyo tayari kuchorwa.

Sungura ameona asali juu ya mti. Ni ya simba, lakini anamdanganya panya buku kuwa ni urithi aliouacha baba yake, na wote wawili wanapanda, wanafukuza nyuki kwa moto na kula. Simba anafika chini. Sungura anajifunga ndani ya nyasi, anamwambia buku atangaze kuwa anatupa nyasi, na simba anasogea pembeni kuzipisha. Sungura huyo, ametimua. Buku ndiye anayebaki juu na kesi.

Hakukoma. Anarudi kwenye asali ileile na kobe. Safari hii simba anamkamata kweli. Sungura, kwa unyenyekevu, anamweleza namna ya kumuua: amshike mkia, amzungushe hewani, kisha ambamize chini. Simba anazungusha, sungura anachomoka. Kobe naye anatoa maelekezo yake: gamba langu ni gumu, nitie kwenye tope unisugue kwa nyayo hadi litoke. Simba anasugua, anasugua, kobe ameshateleza zamani, na mfalme wa nyika anaendelea kusugua jiwe mpaka ngozi ya nyayo zake inachubuka.

Bado kuna kituko kimoja. Simba anakwenda kujificha ndani ya nyumba ya sungura. Sungura anaona alama za nyayo njiani, anasimama mbali na kuisalimu nyumba yake. Kimya. Anasema kwa sauti kwamba hilo ni la ajabu, maana kila siku akipita nyumba huitikia. Na simba, kutoka ndani, anaitikia salamu.

Tom angefanya vivyo hivyo.

Hicho ni kisa cha pwani, lakini mnyama ni yuleyule kote huku. Ukivuka Mto Songwe kutoka Kyela na kuingia Malawi, jina lake ni Kalulu, na anafanya mambo yaleyale kwa fisi, tembo na simba. Alice Werner, aliyeishi Nyasaland (Malawi ya leo) miaka ya 1890 na baadaye akafundisha Kiswahili London, alikusanya ngano za Kibantu katika kitabu cha 1933, na sungura alihitaji sura nzima. Ngano maarufu ni ile ya kisima: wanyama wanachimba, sungura anakataa kufanya kazi, kisha anawahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine na kunywa, mpaka anaponaswa kwa kitu cha kunata. Kisa ndugu na hicho kilisimuliwa na watumwa wa Kiafrika kusini mwa Marekani, na Joel Chandler Harris akakichapisha mwishoni mwa 1880 katika hadithi za Brer Rabbit. Miaka 60 baadaye, Julai 1940, sungura mwingine wa Kimarekani alitoka shimoni akitafuna karoti mbele ya mwindaji: Bugs Bunny. Watunzi wake walitaja vyanzo vingine, pamoja na mwigizaji Clark Gable na karoti yake katika filamu ya 1934, kwa hiyo si haki kumdai Bugs moja kwa moja. Tabia ya ukoo, hata hivyo, inaonekana.

Jambo la kutazama katika ngano ya asali ni lile lisilokuwamo. Hakuna funzo. Sungura ni mwizi na mwongo, amemponza rafiki, na mwisho wake ni kicheko. Msimulizi hakuona haja ya kumwadhibu ili wasikilizaji walale kwa amani.

Filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya Waafrika wa Mashariki zilichukua njia nyingine kabisa tangu siku ya kwanza. Mwaka 1935 kikundi kilichoitwa Bantu Educational Kinema Experiment kilipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Hadi 1937 kilikuwa kimetengeneza filamu 35. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri za lugha mbalimbali, na lori likazunguka na projekta Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kulikuwa na filamu ya safura, filamu ya chai, filamu ya kuweka akiba benki ya posta. Miaka michache baadaye William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu cha serikali ya Uingereza kwa ajili ya makoloni, alisisitiza kuwa Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, zisizo na hila za kamera, kwa kuwa zenye kasi zingemchanganya. Bwana huyo angepata kazi kukieleza kibanda kilichojaa watoto wanaomfuata panya kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde bila kupoteza hata mkia.

Ukoloni uliondoka, mazoea yakabaki. Fedha ya kutengeneza filamu za watoto huku kwetu bado huja ikiwa na somo mkononi. Ubongo, asasi ya Dar es Salaam, ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014: hesabu na sayansi kwa nyimbo, katika Kiswahili kizuri, na kazi hiyo imevuka mipaka mingi ya Afrika. Akili and Me inafuata njia hiyo kwa watoto wadogo zaidi, ikiwa na msichana wa chini ya Mlima Kilimanjaro anayecheza na wanyama ndotoni. Ni kazi njema, na hakuna sababu ya kuzibeza. Nairobi, studio ya Homeboyz ilichora Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Rangi na madoa yake yametoka kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za dukani. Wanyama ni wazuri hasa. Lakini kila kipindi kipo kueleza kwa nini mnyama fulani yuko kama alivyo, na utundu umepimwa kwa kijiko ili usimwamshe mtoto wa miaka minne.

Utundu mtupu umejitokeza kwa nadra. Moustapha Alassane wa Niger alichora chura rais katika Bon voyage, Sim, filamu fupi ya 1966. Jean-Michel Kibushi wa Kongo alimpeleka chura ukweni katika filamu fupi ya 1991, iliyotokana na ngano ya Watetela, watu wake. Uganda, Raymond Malinga na studio ya Creatures walitoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, kisa cha mwanafunzi na zimwi la shule, na kina kasi na wazimu unaotakiwa. Kwamba orodha inaishia karibu hapo ni aibu kwa eneo lenye sungura wengi hivi.

Kisingizio cha zamani kilikuwa gharama, nacho kinazidi kudhoofika. Machi 2025 tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni ilikwenda Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili, kwa filamu Flow ya Gints Zilbalodis. Mhusika mkuu ni paka, wenzake ni wanyama, na hakuna anayesema neno. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo kijana yeyote mwenye kompyuta anaipakua bila kulipa senti. Filamu ndefu bado inadai mamilioni na watu wengi. Dakika saba hazidai hivyo. Zinadai wachoraji wachache, mpiga muziki anayejua kunyata na paka, na mtu mmoja mwenye saa kichwani kama Hanna. Zinadai pia mfadhili, au kituo cha televisheni, atakayekubali kulipia kicheko bila kuuliza mtoto atajifunza nini.

Wachoraji wa Mbeya, Dar es Salaam na Nairobi wasisubiri ruhusa ya mtu. Kwa sheria ya sasa ya Marekani, katuni ya kwanza ya Tom na Jerry haitakuwa mali ya umma hadi Januari 2036. Ngano ya sungura, asali na simba aliyesugua jiwe imechapishwa tangu 1870, wala hakuna anayedai haki miliki yake. Inaweza kuanza kuchorwa kesho.